Dhamana Chini ya Kitambaa

Nyumbani kwa Madam hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, flaski ya chai ilikuwa na chake, na viti vya sebuleni vilivishwa mgongoni na mikononi vitambaa vyeupe vya kufumwa, vilivyotiwa wanga hadi ncha zake zikasimama. Kila Jumamosi alivikusanya vyote, akavifua, akavianika kwenye ua uliopakana na reli, halafu akavipiga pasi ya makaa, kila ua lake akilinyoosha kwa ncha ya kidole kabla pasi haijafika. Mgeni akikaa na kitambaa kikateleza nyuma yake, Madam hakukigusa. Alingoja mgeni aondoke ndipo akirudishe. Kumrekebishia mgeni kitambaa angali ameketi, alisema, ni kumwambia hajui kukaa.

Upande wa mgeni nao una sheria yake, ingawa hakuna aliyewahi kutufundisha: kitambaa cha mwenye nyumba hakiinuliwi. Unaweza kula kwake, ukalala kwake, ukambebea mtoto mgongoni, lakini kilicho chini ya kitambaa ni chake mpaka akifunue mwenyewe. Nakuomba uishike sheria hiyo tunapoendelea. Ni kwa sababu yake kompyuta tuliyompa Madam ilikaa imekufa mbele ya macho yetu sote, dhamana yake ikiwa bado hai, na hakuna aliyejua.

Naandika habari zake nikiwa na aibu. Si aibu ya mtu aliyeiba au aliyedanganya. Ni ile ya kumwona mkubwa wako, aliyekufundisha kukaa wima, akitazama chini, nawe hujui uyapeleke wapi macho yako.

Tulimwita Madam tu. Bungoma palikuwa na madamu wengi, wa shule, wa hospitali, wa benki, lakini ukisema "Madam" bila kuongeza kitu, karani yeyote mjini alijua unamtaja nani, kwa kuwa alikuwa amepita mikononi mwake. Alifundisha taipu katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mlango ukiwa wazi, mlio wa mashine ulifika hadi kwa wauza ndizi, nao walizoea kusema kwamba kwa Madam kunanyesha. Mimi nilikuwa miongoni mwa wavulana wachache wa darasa hilo, jambo lililowafurahisha sana wasichana. Nekesa, aliyekaa kwenye mashine iliyofuata yangu na ambaye baadaye akawa katibu katika ofisi moja pale mjini, hakuniacha.

"Wewe bana, si uende ukachomelee vyuma na wenzako? Ati mwanaume mzima anapapasa taipu kama anapepeta mchele."

Madam alimsikia siku moja. Hakugeuka hata kumtazama.

"Nekesa, vidole havina ndevu. Endelea na mstari wako."

Alitufunika mikono. Ukishajua herufi ziko wapi, alikufunga shingoni kitambaa kirefu kilichoning'inia juu ya kibodi, ukachapa bila kuona. Mwanzoni ulihisi umepofuka. Baada ya wiki chache ulishangaa kwamba uliwahi kuhitaji macho. Alipita nyuma yetu na viatu vyake visivyo na sauti, na kama umeinua kitambaa kuchungulia, hakukuchapa wala kukugombeza. Alisema tu, "Baba, huniamini?" Ilitosha. Hadi leo sijui kama kuna adhabu iliyowahi kuniuma zaidi ya swali hilo.

Na alitoa maksi kwa kila kitu. Akinywa chai hotelini alimwambia mhudumu, "Hii nakupa sitini, maziwa yamechelewa." Akitoka kanisani: "Pasta leo ana sabini na mbili. Angemaliza mapema angefika themanini." Programu za mazishi alizisahihisha kwa kalamu nyekundu akiwa ameketi katika hema la wafiwa, huku machozi ya kweli yakimtoka. Mia hakumpa mtu. Mia ilikuwa ya Mungu, na tisini na tisa alikuwa amemwekea mamake.

Sheria yake kubwa kuliko zote ilihusu makosa. Kulikuwa na ule wino mweupe wa kufutia, unaopakwa juu ya herufi iliyokosewa. Kwake ulikuwa haramu. Ukikosea, ulitoa karatasi, ukaweka nyingine, ukaanza barua upya. Karatasi zenyewe zilikuwa mabaki kutoka Webuye, ambako shemeji yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Kingo zake hazikulingana, lakini zilikuwa nyingi, na Madam hakutuonea huruma. Siku aliyomkamata msichana mmoja na kichupa cha wino mweupe, aliichukua barua yake akaiinua dirishani. Jua likapenya. Sote tukaiona herufi mbaya imekaa palepale chini ya doa jeupe.

"Mnaona? Kosa ukilifunika linabaki huko chini likikucheka."

Lakini usidhani alikuwa mtu wa vitu vipya na safi. Hapa ndipo watu wengi walipokosea juu yake, nami nikiwamo. Mashine zake zilikuwa kuukuu kuliko baadhi yetu, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwili wake wote. Springi ikikatika, alivuka barabara hadi kwa fundi wa baiskeli, wakachagua pamoja springi ya breki iliyokaribiana nayo kwa ukubwa. Utepe wa wino wa kampuni moja aliuzungusha kwenye gurudumu la kampuni nyingine. Mashine moja ilikuwa na vifaa vya kila aina hivi kwamba tuliiita Githeri, kama kile chakula cha mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, na herufi yake ya e iliruka juu ya mstari kama mtoto anayechungulia dirishani. Mimi nilipenda vyuma, na siku moja nikiwa nimeifungua nilimwambia, "Madam, aliyeunda mashine hii akiiona atalia."

"Alie. Si aliiuza? Inaandika, haiandiki?"

"Inaandika."

"Basi ifunge uandike."

Huyo ndiye Madam niliyemjua: kwa barua alikuwa hakimu, kwa mashine alikuwa fundi wa jua kali, wa kuunga kwa chochote kilichopo. Ningeshika vizuri sehemu hiyo ya pili, ningemwelewa mapema.

Kisha kompyuta zikaingia maofisini, na kwa Madam mvua ikakatika. Ilikuwa miaka ile watu walivaa simu shingoni kwa kamba. Wanafunzi walipungua, akaachilia chumba cha soko, mashine zikahamia sebuleni kwake, kila moja na kitambaa chake. Sisi wanafunzi wake wa zamani tulikutana tukaamua hatutamwacha hivyo. Mimi wakati huo nilikuwa Kitale, fundi na mhudumu wa kaunta katika duka la kompyuta, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kuchagua laptopu nzuri na kuileta Bungoma. Nekesa alisema maneno, tukaimba, tukampa. Madam aliigeuza upande huu na ule, akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayemwangalia ndama.

"Zawadi hii," akasema, akaishia hapo, akaanza tena. "Zawadi hii nawapa mia."

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tumeshtuka.

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya dhamana, ile ambayo wengi huiita waranti na kuitupa pamoja na plastiki. Madam aliisoma yote akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, sisi tukimngoja kwa chakula. Halafu akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kwa miezi kadhaa alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Aliwachukua wasichana wa mtaani waliomaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila chuo, akawafundisha kwa zamu kwenye laptopu hiyo moja, kitambaa shingoni vilevile. Mmoja wao alipata kazi ya kuchapa Webuye. Madam alinipigia simu ya kibanda kunieleza, akipiga kelele kana kwamba Kitale ni ng'ambo. "Baba! Ameanza kazi! Hiyo laptopu yenu inazaa!"

Halafu siku moja wasichana wakaambiwa wakae nyumbani kwanza. Macho ya Madam yanasumbua, ndivyo tulivyosikia.

Nilimtembelea na Nekesa siku ya sikukuu. Laptopu ilikuwa juu ya meza ndogo pembeni, imefungwa, imefunikwa kitambaa kikubwa kuliko vyote, cha maua, na juu ya kitambaa hakukuwekwa kitu chochote. Nekesa alikielekezea kidevu.

"Madam, na mtoto wetu? Anaendelea aje?"

"Amelala."

"Saa nane hii ya mchana?"

"Nekesa, ukienda kwa mtu ukute mgeni wake amelala, wewe huwa unamwamsha?"

Tulicheka. Madam alicheka pia, na akainuka haraka kuleta chai. Njiani kurudi stendi Nekesa aliendelea kufanya mzaha. "Ati imelala! Laptopu imekuwa askofu. Mimi nikistaafu nataka kulala hivyo." Nami nilicheka naye. Tulipopokea mwaliko wa ibada ya shukrani aliyoandaa kwa ajili ya dadake, ulikuwa umechapwa kwa taipu, na kila e ilichungulia juu ya mstari wake. Nekesa alisema, "Madam ameikumbuka Githeri." Tulidhani ni mapenzi ya vitu vya kale.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, nieleze jambo la dhamana, maana si gumu na linaweza kumsaidia mtu. Nimelieleza kwenye kaunta mara nyingi hadi naweza kulisema nikiwa nimelala.

Mtu akikuuzia ng'ombe na kukuahidi kwamba hana ugonjwa, ahadi ile inamhusu ng'ombe. Ukimfikisha kwako ukamfunga kwa kamba ya jirani, ahadi haijafa. Ng'ombe akianguka kwa ugonjwa aliotoka nao kwa muuzaji, muuzaji hawezi kusingizia kamba. Lakini kama kamba ile ndiyo iliyomkaba shingo, hiyo ni hasara yako, na muuzaji ana haki ya kukataa. Dhamana za kompyuta nilizoshughulika nazo zilikuwa hivyo. Ukitumia chaja ya mtu mwingine, au mausi, au kibodi, hujaichana karatasi yako. Chaja ikichoma kitu, kile kilichochomwa hakitalipiwa. Kilichoharibika chenyewe kwa udhaifu wa kiwandani bado ni cha kiwanda, na anayedai kwamba chaja ndiyo iliyoharibu ndiye anayetakiwa kuonyesha. Kwa hiyo usiogope: soma karatasi yako mwenyewe, kwa sababu hazifanani zote, kisha peleka kifaa ukaulize. Kuuliza hakuvunji dhamana yoyote duniani.

Hayo ndiyo niliyowaambia waliofika kaunta. Lakini mwenye duka alikuwa amechoka na chaja za bei rahisi zilizouzwa kando ya barabara, akabandika notisi kwenye kioo cha mlango, kwa herufi kubwa: DHAMANA INAKUFA UKITUMIA CHAJA ISIYO YETU. Mafundi tuliiona kama kelele za kutisha watu, na mteja akiingia tulimtuliza. Maelezo yetu yalikuwa ndani. Notisi ilikuwa nje.

Sasa siku yenyewe. Nekesa alinipigia simu: Madam ananitaka, nije na vyombo vyangu, na nije peke yangu. "Mimi nimesema nitakusindikiza, akanikatalia. Ati ni mambo ya mashine. Kwani mimi ni mbuzi?"

Nilifika mchana wa Jumapili, Madam akiwa bado amevaa nguo ya kanisani. Aliniamkia kwa "Mulembe, baba," akanikaribisha chai kama kawaida, lakini hakukaa. Alisimama karibu na ile meza ndogo, mkono mmoja juu ya kitambaa.

"Sitaki huruma," akasema. "Nataka maksi. Utaangalia, utaniambia."

Halafu akakivuta. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu tangu ujana wangu na sikuwahi kumwona akifunua kitu mbele ya mgeni. Niliinuka nusu, nikakaa tena.

Laptopu ilikuwa safi kabisa. Kando yake palikuwa na chaja mbili. Moja ilikuwa ile tuliyompa, waya wake umeungua katikati, plastiki imeyeyuka ikaganda. Nyingine ilikuwa ya barabarani, nyepesi, bila jina.

"Ile ya kwanza niliichoma mwenyewe na pasi," akasema akitazama sakafu. "Nilikuwa napiga pasi kitambaa chake. Waya ulikuwa chini, sikuuona. Nikasema, nikiwaambia hawa watoto, watafikiria nini? Zawadi ya juzi. Hapa Bungoma kila duka lina mtu niliyemfundisha. Nikapanda gari mpaka Kitale, nikanunua hii kwa stendi, nikapitia nyuma usinione."

"Ikafanya kazi?"

"Vizuri tu. Wasichana walichapa. Siku moja kioo kikawa cheusi. Ndani unasikia inapumua, lakini kioo ni giza."

"Na dhamana ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado. Ilibaki miezi mingi." Akaisogeza kando ile chaja nyepesi. "Niliileta dukani kwenu, baba."

Nilimwambia sikumbuki kumwona.

"Sikuingia. Nilikuwa na mfuko mkononi. Nikasoma ile notisi ya mlango. Nikaisoma tena. Ilikuwa imechapwa vizuri. Nikakuona kwa kioo, unamweleza mzee mmoja kitu, unapanga mikono hivi, pole pole, vile wewe hueleza. Watu walikuwa wengi. Nikasema, nikiingia nitamwambia nini huyu mtoto, mbele ya wateja wake? Kwamba Madam amenunua chaja kwa barabara? Nikarudi nyumbani. Nikaifunika."

Nilitazama chai yangu. Ilikuwa na utando juu. Natamani nikuambie nilisema kitu kizuri, lakini nilichofanya ni kuchukua bisibisi ambayo sikuihitaji na kuishika.

Niliiwasha kwa chaja ileile ya barabarani. Feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi. Nikatoa tochi ndogo ninayobeba kazini, nikaimulika juu ya kioo kwa ubavu, na nikamwita asogee. Chini ya giza, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, kulikuwa na picha ya maua aliyoichagua, na faili za wasichana wake, kila moja na jina.

"Ziko!" akasema, akaweka mkono mdomoni. "Zilikuwako muda huu wote?"

"Zilikuwapo, Madam. Kompyuta haijafa. Ni taa ya nyuma ya kioo ndiyo imezimika. Kioo kinaandika, lakini hakina mwanga."

Alikaa, hatimaye. Alikalia kitambaa, kikateleza, asikijali.

"Sasa niambie. Ni ile chaja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nililiona jibu hilo limesimama mlangoni, la upole, limevaa vizuri. Kama ni chaja, basi aliyoyaamini yote yalikuwa kweli: alikosea, akaadhibiwa, kesi imekwisha. Kama si chaja, basi alikuwa amejifungia bure, na wasichana wale wamekaa nyumbani bure, na dhamana imepita bure. Jibu la kweli lingemtoa kwenye aibu moja na kumwingiza kwenye nyingine. Lakini aliyekuwa akiniuliza ni mtu aliyetufanya tuanze barua nzima upya kwa herufi moja.

"Si chaja," nikasema. "Modeli hii ninaijua. Taa hiyo ilikufa kwa watu wengine pia, waliotumia chaja ya kampuni tangu siku ya kwanza. Ni udhaifu wa kiwandani."

"Na ningeingia siku ile?"

"Tungeipima, tungeituma, wangeitengeneza."

"Na hii chaja mkononi?"

"Na hiyo chaja mkononi. Wangetaka kukataa, ingewabidi waonyeshe kwamba ndiyo iliyoua taa. Wasingeweza, kwa sababu haikuiua."

"Na ile notisi?"

"Ile ilikuwa ya kutisha watu, Madam."

"Ilitisha," akasema.

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba, vikombe vikatetemeka kwenye trei, nasi tukaingoja ipite kama watu wawili walioingojea kwa hamu. Nilijaribu kumfariji kwa njia ninayoijua, ya kueleza. Nikamkumbusha Githeri. Nikamwambia, Madam, wewe uliyetia springi ya baiskeli ndani ya mashine ya Wazungu na ukasema mwenye kuiunda alie, uliogopaje chaja?

"Zile zilikuwa zangu," akasema. "Hii ilikuwa yenu. Na ilikuja na karatasi. Mimi kitu kikichapwa naamini, baba. Maisha yangu yote nimefundisha watu waamini kilichochapwa." Akakichukua kile kitambaa kikubwa, akakitandaza mapajani. "Na wino mweupe niliwakataza. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kosa ukilifunika." Hakumalizia. Alikuwa analia, bila sauti, vile alivyolia kwenye mahema ya wafiwa, mkono ukiendelea kunyoosha ua moja la kitambaa ambalo halikuwa na mkunjo. Mimi nilitazama madirisha, nikatazama viatu vyangu. Kwetu mtoto hamtazami mamake akilia, na hakuna mahali tulipofundishwa afanye nini badala yake. Mwishowe nilifanya kitu nilichokiweza: nilisogeza kiti, nikakaa kando yake tukielekea upande mmoja, sote wawili mbele ya kioo cheusi, ili asilazimike kuniona nikimwona.

"Kipuri cha taa hakipatikani tena," nikamwambia polepole. "Lakini tuna njia. Laptopu ina tundu hapa pembeni. Ukichomeka kioo cha kompyuta ya mezani, hata kikuukuu, inaonyesha humo. Dukani kuna vioo vya zamani vimewekwa tu."

"Vya kampuni yake?"

"Vya kampuni nyingine kabisa."

Alipangusa macho kwa kiganja. Nilimwona akitaka kucheka, kicheko kikakataa, kikaja.

"Sasa itakuwa Githeri," akasema.

Alinisindikiza hadi barabarani, kama alivyomsindikiza kila mgeni. Bodaboda alipokuwa anakaribia, aliuliza bila kunitazama kama nitawaambia wenzangu. Nikasema siwezi kuwaambia. "Usiseme," akajibu. "Hiyo ni yangu kusema."

Jumamosi iliyofuata nilirudi na kioo kikubwa cha zamani, kizito kama gunia la mahindi, nimekipakata tangu Kitale. Ilikuwa siku ya vitambaa na vyote vilikuwa kwenye kamba uani, vingine bado vikidondosha maji. Sebuleni walikuwapo wasichana kadhaa, na Nekesa, mkono shavuni, macho mekundu, kimya. Sikuwahi kumwona kimya. Nilijua Madam alikuwa ameshasema.

Nilichomeka kioo. Kikachelewa, kikapiga mlio, kikafunguka: maua, halafu faili, kila moja na jina. Msichana mmoja akaliona lake akalisoma kwa sauti.

Nekesa aliinuka. Alikuwa ameona kitambaa kikubwa cha maua pale nje, kimeshakauka, akakileta, na kwa mazoea ya sote akakiinua akifunike kile kioo kilichokuwa kikuukuu na kichafu cha safari.

"Acha," Madam akasema.

"Madam, kina vumbi."

"Nimeliona. Acha hivyo." Akamchukulia kitambaa kile mkononi, akamfunga nacho msichana wa kwanza shingoni, kikaning'inia juu ya mikono yake. Kisha akasogea nyuma, viatu vyake visivyo na sauti, akasimama pale alipokuwa akisimama zamani.

"Mashine yenyewe isifunikwe tena," akasema. "Siku ikizima, nataka kila mtu aione imezima. Anza."